Gundi ya Wifi Vaimoana

Jumanne, 30 Desemba

Mvua. Hata hivyo leo tumeanza kazi. Siosaia anaoa mwezi wa Machi, na harusi bila ngatu mpya, kile kitambaa chetu kipana cha magome, haiwi harusi. Ngatu yenyewe inatakiwa iwe ndefu kuliko ukumbi wa kanisa, na mama mzaa bwana harusi ni wifi yangu Vaimoana, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema tungoje kiangazi. Tumekaa chini humo ukumbini, pande mbili za ubao mrefu, magome yaliyopondwa yametandazwa juu yake, kila mwanamke na bonge lake la muhogo uliochemshwa nusu. Unausugua muhogo juu ya gome kama unavyosugua sabuni kwenye shati, unalaza gome la pili juu yake, unakandamiza kwa kiganja. Ikipata jua siku moja tu, haibanduki mpaka kiyama. Tatizo ni hilo jua.

Wifi amekalia kiti. Amerudi kutoka Auckland baada ya miaka mingi, na magoti yake, anasema, yamezoea viti.

"Kalolaine," aliniita mbele ya watu, "huo muhogo wako una mabonge kama uso wa kaka yangu alipokuwa anabalehe."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Ukiolewa huku, dada wa mumeo ndiye mkubwa wa nyumba yako hata kama halali humo, na watoto wako ni wake kabla hawajawa wako. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Jumamosi, 3 Januari

Mvua. Magome hayajakauka.

Jumapili, 4 Januari

Kanisa, chakula, usingizi. Mhubiri amemshukuru Mungu kwa mvua. Upande wetu wanawake, amina ilikuwa hafifu.

Alhamisi, 8 Januari

Ngatu imeota ukungu. Tulipoinua pindo moja likaachana, tabaka la juu huku, la chini kule, na harufu ya muhogo uliochacha ikajaa ukumbini. Pisila, jirani yangu, alilinusa akasema tukilichemsha tena tutapata pombe. Pisila hakosi neno. Yeye ndiye mwenye lile friji kwenye kona ya ukumbi, anawauzia watoto barafu za rangi. Linanguruma mchana kutwa kama mgeni aliyelala kwenye mahubiri.

Wifi hakucheka. Alisimama mlangoni akiitazama mvua, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Mwanawe mmoja, harusi moja. Wakwe wakija na kukuta ngatu fupi yenye madoa, watalisema jambo hilo mpaka wajukuu wazaliwe. Kisha akageuka akasema, "Urundikeni pembeni huo uozo. Nitampigia simu Siosaia."

Jumatatu, 12 Januari

Pipa la mizigo limefika kutoka Auckland. Ndani yake nguo, nyama za makopo, viatu, na chini kabisa makopo makubwa ya gundi ya zulia. Siosaia anafanya kazi ya kubandika mazulia huko.

"Unapaka huku, unapaka kule, unangoja kidogo, unabandika," wifi alisema. "Mvua inyeshe mpaka ichoke."

Akamwita binti yangu Losaline amsomee kopo, maana miwani yake ameiacha nyumbani. Losaline yuko likizo, amebakiza mwaka mmoja wa sekondari. Akasoma akitufasiria: "Inawaka upesi sana. Tumia mahali penye hewa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Weka mbali na moto, cheche na swichi. Funga kifuniko kila unapomaliza."

"Swichi!" Pisila akadakia. "Kwa hiyo tukienda chooni usiku tupapase?"

"Wale watu huko," wifi akasema, "hata kwenye pakiti ya karanga wanaandika: tahadhari, humu mna karanga."

Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu ni kweli, wanaandika. Kisha kopo likafunguliwa. Harufu ikanipiga puani kama kofi, na kicheko kikanikauka.

Jumatano, 14 Januari

Mvua inapiga kutoka upande wa bahari, kwa hiyo madirisha yote yamefungwa. Gundi inashika kweli, siwezi kusema uongo. Lakini hakuna hewa. Kufikia saa nne tulikuwa tunacheka ovyo. Pisila aliimba wimbo wa Pasaka akakosea maneno, wote tukaangua kicheko, na hakuna aliyeweza kunyamaza. Losaline ndiye mpakaji, shangazi yake kamchagua kwa sababu ana mikono midogo. Anakaa mwisho wa ubao, karibu na friji, kopo katikati ya miguu yake. Saa sita akatoka nje akatapika.

"Ni njaa," wifi alisema. "Mpeni tangawizi."

"Wifi, labda tungefungua dirisha moja…"

"Mvua iingie? Kalolaine, unataka tuanze upya?"

Nilifungua dirisha alipokwenda chooni. Aliporudi akalifunga mwenyewe, bila kuuliza nani.

Ijumaa, 16 Januari

Leo nimefanya jaribio. Niliomba gundi kidogo kwenye kifuu cha nazi, nikakiweka chini ya upenu, nje, nikamwomba wifi atazame. Niliwasha kiberiti nikakisogeza polepole. Moto uliruka. Njiti ilikuwa bado mbali na kifuu, nusu ya mkono, na moto ulitoka kwenye njiti ukarukia gundi peke yake. Nikaangukia matako.

"Umeona, wifi? Hata sijaigusa."

Wifi alitazama kifuu kikiungua, moshi mweusi. Nilidhani nimempata.

"Mafuta ya taa nayo yanawaka," akasema. "Mama alitulea nayo chini ya kitanda. Wewe usiwashe kiberiti, basi, yameisha." Kisha akanipigapiga begani, kwa upole, na ule upole ndio ulionikata maini.

Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi, 17 Januari

Feleti amepiga simu. Mume wangu yuko Australia, anachuma machungwa kwa msimu mzima. Nikamweleza yote, kuhusu kifuu, madirisha na kutapika kwa Losaline.

"Zungumza naye," nikamwambia. "Ni dada yako."

"Kalo, ni dada yangu ndiyo maana siwezi. Vaimoana akisema mvua ni jua, mimi natafuta miwani ya jua."

"Na mtoto?"

"Shule si inafunguliwa karibuni?"

Ndiyo. Februari mosi na siku moja. Losaline akirudi shule atatoka kwenye ule ukumbi. Nimeishika hiyo tarehe kwa meno.

Jumapili, 18 Januari

Kanisa, chakula. Makopo yamefungwa kwa sababu ni Jumapili. Nimelala vizuri.

Jumanne, 20 Januari

Kama siwezi kuiondoa gundi, nitauondoa moto. Asubuhi nimefika ukumbini wa kwanza, nikalitoa jiko la gesi nje chini ya upenu. Nimewaambia natokwa na jasho, nitachemshia muhogo wa pindo huko huko, maana mapindo bado tunayabandika kwa muhogo. Dawa ya mbu ya kuchoma nimeihamishia barazani. Viberiti vyote nimevitia mfukoni.

Alhamisi, 22 Januari

"Nani anaiba viberiti humu?" wifi ameuliza.

"Mke wa mchungaji," Pisila akasema. "Anavuta sigara kwa siri."

Mke wa mchungaji hakuwepo kujitetea. Nilisugua muhogo wangu nikiwa nimeinamisha kichwa, viberiti vinachakacha mfukoni. Pisila alinitazama mfukoni, akanitazama usoni. Baadaye aliniletea boksi alilolikuta juu ya dirisha. "Hili lilikuwa limekuponyoka," akasema. Kumbe na yeye anaogopa.

Jumatatu, 26 Januari

Mvua. Losaline anaumwa kichwa, hataki kukaa nyumbani.

"Shangazi ananitegemea, Mama. Anasema ngatu hii nitasimama nayo mimi siku ya harusi, mbele ya watu wote."

"Na mimi nakwambia pumzika."

"Unamwonea wivu," akasema. Hakuwa na nia mbaya, alisema tu kama mtu anayetaja kitu alichokiona.

Labda namwonea. Wifi anamsuka nywele jioni, zile nywele ndefu zinazofika kiunoni, anamsimulia Auckland, na mtoto anarudi kwangu akinukia gundi na furaha.

Jumamosi, 31 Januari

Redio imetangaza kimbunga. Shule hazitafunguliwa Jumatatu.

Jumapili, 1 Februari

Tumeruhusiwa kufanya kazi siku ya Jumapili kwa sababu ya dhoruba. Wanaume wamegongelea mbao kwenye madirisha yote ya kijiji, na ya ukumbi pia. Niliwatazama wakipiga misumari, dirisha baada ya dirisha. Ningesema nini? Acheni madirisha wazi, kimbunga kinakuja?

Jumanne, 3 Februari

Kimbunga kimepita usiku kucha. Paa letu lipo. Migomba yote imelala. Umeme hakuna.

Alhamisi, 12 Februari

Naandika hospitalini. Losaline amelala. Muuguzi amesema nami nilale, lakini nikifumba macho naiona sakafu.

Ilikuwa Jumatano ya wiki iliyopita, siku ya pili baada ya kimbunga. Wifi alitutumia ujumbe asubuhi twende ukumbini tumalizie kipande cha mwisho, kwa sababu meli itafika, wageni wataanza kuingia, na mambo mengine yamelala kama migomba. Mbao zilikuwa bado kwenye madirisha. Mafundi walikuwa kwenye mapaa ya watu, nani angekuja kung'oa misumari ya ukumbi? Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, na mwanga ulioingia hapo ndio tuliofanyia kazi.

"Washeni taa ya chemli," wifi alisema.

"Hakuna kiberiti," nikasema.

"Kijiji kizima?"

"Kimelowa chote na kimbunga."

Pisila akaitikia, "Hata changu kimelowa, kimekuwa uji." Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Pisila na uongo wake. Nilijua hakuna moto humo ndani. Nilikuwa nimekagua mwenyewe, kona kwa kona. Jiko lilikuwa nje, bado halijawashwa, na mimi nilikuwa nje nalo, namenya muhogo wa pindo, natazama ndani kupitia mlango. Kwa mara ya kwanza tangu lile pipa lifike moyo wangu ulitulia. Hii naiandika kwa sababu ndiyo inayonichoma zaidi, kwamba siku hiyo nilitulia.

Wifi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Ningeweza kumgusa bega. Losaline alikuwa mwisho kabisa, gizani, na kopo lake.

Kisha umeme ukarudi. Taa za dari ziliwaka zote kwa pamoja na wanawake wakapiga vigelegele, mtu akasema, "Haleluya!" Losaline aliinua uso akacheka, namwona hivi sasa. Na pale kwenye kona friji la Pisila likalia, tak, kama linavyolia kila siku likianza kunguruma.

Moto haukutoka kwenye friji kama watu wanavyofikiria. Ulikuwa sakafuni. Ulitambaa chini kwenye mikeka, wa buluu, haukuwa na sauti kubwa, ulipita kati ya watu waliokaa kama maji yanavyopita, halafu ukafika kwenye kopo.

Wanawake waliokuwa karibu na mlango walitoka kwa kutambaa, kwa kubebana, sketi zinawaka. Walinisukuma nyuma mpaka nikaanguka kwenye matope. Nilipoinuka mlango ulikuwa umejaa watu wanaotoka, na mimi nilitaka kuingia, na sikuweza. Niliwavuta kwa nywele. Nilimpiga Pisila kifuani. Sikuweza kupita.

Wifi alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikuwa juu kwenye kiti, moto ulikuwa chini, hatua mbili na yuko nje. Nilimwona akigeuka. Yale magoti yaliyozoea viti. Alikwenda pembeni kwenye lile rundo la magome ya Januari, yale ya muhogo yaliyokataa kukauka, akalivuta lote zima, bichi, zito, linanuka, akaenda nalo mpaka kwenye kona, akamvingirisha Losaline kama unavyofunga mtoto mchanga, akamlalia.

Wanaume walipovunja dirisha walimtoa Losaline kwanza. Miguu imeungua, mkono mmoja, nywele za upande wa kushoto zimekwisha. Uso haukuguswa. Magome yalikuwa bado yanatoa mvuke wa maji.

Wifi naye yuko katika chumba cha mwisho. Hakuna sehemu ya mgongo wake ninayoweza kuieleza.

Neno swichi nililisikia, na friji nalo lina swichi yake ndani. Lilisomwa mbele yangu, tukacheka. Mimi nikaenda kutafuta viberiti.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeirudia ile methali ya sikio la kufa niliyoiandika Januari. Nimeikata kwa kalamu, lakini bado inasomeka.

Jumapili, 15 Februari

Leo wifi amezungumza. Waliniruhusu nikae karibu na kichwa chake.

"Yale magome," alisema, "yalikuwa mabichi bado?"

"Mabichi, wifi. Yalikuwa yanachuruzika."

"Afadhali." Kisha akasema, "Viberiti ulichukua wewe."

"Ndiyo."

"Nilijua. Mke wa mchungaji kifua chake hakiwezi sigara." Nadhani alitaka kucheka. "Mbona hukuniambia, Kalolaine?"

"Nilikuambia, wifi. Nilikuonyesha na kifuu."

Alinitazama. Macho yake ni ya Feleti, sikuwahi kuliona hilo.

"Ulisema," akasema, "lakini ulisema kama mtu anayeomba chumvi."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna namna nyingine ya kusema na wewe, kwamba sauti nyingine sikupewa siku niliyoingia nyumba yenu. Nikamlowesha midomo kwa pamba.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua.

Jumanne, 17 Februari

Wifi Vaimoana amefariki alfajiri.

Alhamisi, 19 Februari

Feleti amefika, na Siosaia amefika. Siosaia alikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi, akakaa kwenye majivu, hakuna aliyemweza. Makopo mawili yamesalia nyumbani kwa mama yake, yamefungwa vizuri. Ameniuliza yatupwe wapi. Nimeuliza watu, hakuna anayejua. Tumeyaweka kwenye banda tupu mwisho wa shamba, mbali na kila kitu, na kila mtu anapita kwa mbali kama kuna mgonjwa humo.

Mimi na Losaline ndio wadogo kwa cheo kwenye msiba huu, kwa hiyo tumevaa mikeka mikubwa iliyochakaa, inafika mpaka masikioni, na nafasi yetu ni nyuma jikoni. Haturuhusiwi kumgusa marehemu. Losaline, aliyeruhusiwa kutoka hospitali kwa ajili ya msiba, anashinda amekaa kwenye benchi, miguu imefungwa bandeji, anamenya viazi vikuu.

"Mama," alisema, "nilikwambia unamwonea wivu."

"Ulisema kweli."

"Alikuwa mzito. Nilikuwa namwambia, shangazi, unaniumiza. Hakutoka."

Pisila, aliyekuwa anakoroga sufuria, alitoka nje. Friji lake amelivunja kwa shoka.

Ijumaa, 20 Februari

Shangazi wa upande wa baba akifa, watoto wa kaka yake hukatwa nywele. Leo nilimkata Losaline. Upande wa kushoto hapakuwa na cha kukata, moto ulikwisha kukata. Nilisuka kwanza zilizobaki upande wa kulia, kama shangazi yake alivyokuwa akizisuka, halafu nikaukata ule msuko karibu na sikio. Losaline aliomba uzikwe pamoja naye. Feleti akaenda kuwaomba wakubwa. Wamekubali.

Hatukuwa na ngatu ya kumfunikia. Yote iliungua, pamoja na ile iliyomwokoa mtoto. Wanawake walileta magome waliyokuwa nayo majumbani, ya urefu tofauti, wengine mikono imefungwa bandeji, tukakaa barazani kwetu, hewa inapita pande zote. Hakuna aliyesema gundi itakuwa gani. Nilichemsha muhogo. Nilikuwa nakoroga kwa nguvu, nikauponda mpaka mkono ukafa ganzi, ili usiwe na bonge hata moja.

Jumamosi, 21 Februari

Tumezika leo.

Asubuhi nilipofungua mlango anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu hata la dawa. Tulitandaza ngatu ya kaburi kwenye majani mbele ya nyumba, bado mbichi, nikasimama kando yake nikingoja mvua, kwa sababu nimezoea. Haikuja. Jua lilipanda, likatuchoma mabega. Losaline alichechemea mpaka kwenye pindo, akainama, akalivuta kwa vidole vyake viwili.

"Imeshika, Mama," akasema.

Hata saa nne ilikuwa bado haijafika.